Maswali na Majibu: Dakika Zinapotelea Wapi Katika Simulesheni za Mtihani wa CPA wa Marekani?

Wasomaji kadhaa wanaosomea leseni ya uhasibu ya Marekani wametuandikia kuhusu jambo moja, nalo ni muda wa yale maswali marefu ya kazi ambayo watahiniwa huyaita simulesheni. Kwa msomaji asiyeufahamu mtihani wenyewe, hutungwa na taasisi ya wahasibu ya Marekani, AICPA, na hufanyika kwenye kompyuta katika vituo vya Prometric. Tangu Januari 2024 una karatasi tatu za lazima, yaani AUD ya ukaguzi, FAR ya taarifa za fedha na REG ya kodi na sheria, pamoja na moja ya kuchagua kati ya BAR ya uchambuzi wa biashara na taarifa zake, ISC ya mifumo ya taarifa na udhibiti, na TCP ya kodi na mipango yake. Kila karatasi huchukua muda wa saa nne na alama ya kufaulu ni 75. Maswali hupangwa katika mafungu matano: mawili ya mwanzo ni ya kuchagua jibu, matatu ya mwisho ni ya simulesheni, na fungu likishawasilishwa halifunguki tena.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkenya ninayeishi Dallas, na nilimaliza CPA ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, kabla ya kuhamia huku. Hivi karibuni nilifanya FAR nikapata 68. Maswali ya kuchagua hayakunisumbua, lakini nilipofika fungu la mwisho nilikuwa nimebakiwa na dakika 19 kwa simulesheni mbili, na ya pili niliiacha bila kuigusa. Katika mitihani ya nyumbani sikuwahi kukosa muda. Nifanye nini?

Marahaba. Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba nyumbani hukuwahi kukosa muda, kwa sababu nadhani jibu limejificha hapo. Mtihani wa kuandika kwa kalamu, wa saa tatu na alama 100, ulikujengea tabia mbili nzuri. Ya kwanza ni kugawa dakika kwa alama: dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 20 lilistahili dakika 36, na alama zenyewe zilikuwa zimeandikwa palepale kwenye swali. Ya pili ni kuliruka swali gumu na kulirudia mwishoni, kwa kuwa karatasi yote ilikuwa mikononi mwako mpaka msimamizi atangaze kwamba muda umekwisha. Huko Marekani tabia hizo haziwezi kutumika vilevile. Simulesheni haikuonyeshi ina alama ngapi, na ile uliyoiacha katika fungu la tatu huwezi kuirudia ukiwa katika fungu la nne. Mtahiniwa aliyelelewa na mtihani wa kalamu huingia akiwa bado na matumaini kwamba dakika zitakazobaki mwishoni zitatengeneza alichokiharibu mwanzoni, na matumaini hayo ndiyo yanayomfanya akae muda mrefu kuliko inavyofaa juu ya simulesheni moja.

Kwa kuwa alama hazionekani, inabidi mpango wa dakika uupange wewe mwenyewe kabla ya siku ya mtihani. FAR ina maswali 50 ya kuchagua na simulesheni 7. Ukitumia dakika moja na nusu kwa kila swali la kuchagua, yote 50 yatachukua dakika 75. Ukizipa simulesheni dakika 20 kila moja, zote 7 zitachukua dakika 140. Jumla ni dakika 215 kati ya 240, na unabakiwa na 25 za akiba. Maswali ya kuchagua yamegawanywa 25 na 25, na simulesheni zimegawanywa mbili, tatu na mbili. Saa iliyo juu ya skrini huhesabu kurudi nyuma, kwa hiyo ukimaliza fungu la kwanza inapaswa kusoma takriban 3:22, la pili 2:45, la tatu 2:05 na la nne 1:05. Kituoni utapewa vibao vya kuandikia na kalamu yake. Muda wa mtihani ukianza, yaandike hayo manne mahali utakapoyaona, kisha uyasahau mpaka mwisho wa kila fungu. Mtu anayekagua saa kila baada ya swali hupoteza utulivu, na asiyekagua kabisa hufika ulikofika wewe.

Zile dakika 25 za akiba zinahitaji uamuzi wa mapema pia, kwa sababu wengi huzitumia vibaya bila kujua. Ukimaliza fungu la tano na dakika 25 bado zipo, umezinyima mafungu yaliyotangulia dakika ambazo sasa hazina pa kwenda. Ukizitumia zote katika fungu la tatu, mafungu mawili yanayofuata hayana kinga. Ningekushauri uruhusu nyongeza isiyozidi dakika tano katika fungu la tatu, isiyozidi kumi katika la nne kwa kuwa lina simulesheni tatu, na zilizobaki ziwe za la tano.

Sasa tuje kwenye ile simulesheni uliyoiacha tupu. Katika FAR nusu ya alama hutoka kwenye maswali ya kuchagua na nusu hutoka kwenye simulesheni. Hesabu halisi ya alama ni ya kitaalamu zaidi ya kugawanya tu, na baadhi ya maswali huwekwa kwa majaribio bila kuhesabiwa, lakini kwa makadirio ya kukuongoza, nusu ya alama iliyogawanywa kwa simulesheni 7 ikilinganishwa na nusu iliyogawanywa kwa maswali 50 ina maana kwamba simulesheni moja ina uzito wa maswali saba hivi ya kuchagua. Sidhani kama ungekubali kuacha maswali saba ya kuchagua bila hata kubahatisha, hasa ukijua kwamba jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Usijaribu kukisia ni simulesheni ipi iliyo ya majaribio, kwa sababu hakuna alama yoyote inayoitambulisha, na nimesikia watahiniwa waliojihesabia haki ya kuiacha moja kwa kisingizio hicho.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni kwamba alama za simulesheni ziko katika visanduku vya majibu, kimoja kimoja, na unaweza kupata sehemu ya alama bila kuimaliza yote. Simulesheni yenye visanduku vinane kwa kawaida huwa na vitatu au vinne ambavyo mtu aliyesoma huvijaza haraka, viwili vinavyohitaji hesabu, na viwili vya mwisho vilivyowekwa ili kumtenga anayejua sana na anayejua kiasi. Dakika 20 zinaweza kukupa sita kati ya hivyo. Dakika kumi zaidi zinaweza kukupa kimoja, au zisikupe chochote. Dakika hizohizo kumi juu ya simulesheni ambayo hujaigusa zingekupa vile vitatu au vinne vya haraka. Kwa hiyo ikifika dakika ya 18 na bado unahangaika, jaza kila kisanduku kilichobaki kwa jibu lako bora, weka alama ya kurudia, kisha nenda kwenye inayofuata ndani ya fungu hilohilo. Ukibakiwa na muda kabla ya kuwasilisha fungu, utarudi. Najua kwamba hili linamuumiza mhasibu aliyezoea kwamba hesabu isipokaa sawa haondoki mezani, na tabia hiyo ni ya thamani kubwa kazini, lakini katika chumba cha mtihani inakula alama zako.

Nyongeza moja. Ukifungua fungu lenye simulesheni tatu, usianze na ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Zipitie zote kwa muda usiozidi dakika moja kila moja, usome kinachotakiwa na utazame umbo la jedwali la majibu, kisha anza na ile unayoijua. Ile tabia ya kuruka uliyoizoea nyumbani inafaa hapa, mradi ujue kwamba mpaka wake ni fungu uliomo.

Mimi ni Mtanzania, ninafanya kazi Dubai na mtihani ninaufanyia hukuhuku. Tatizo langu si hesabu. Simulesheni ikifunguka nakuta viambatisho sita au saba: barua pepe, mkataba, ankara, taarifa ya benki. Nilifundishwa kusoma kila kitu kwa makini kabla ya kujibu, na nikimaliza kusoma dakika kumi zimekwisha, tena nimeshasahau cha kwanza kilisema nini. Je, nisome kwa kurukaruka?

Dada yangu, endelea kusoma kwa makini, ila ubadilishe mpangilio. Viambatisho vimewekwa pale kama nyaraka zinavyokaa katika faili la ofisi: baadhi zina jibu, baadhi zina tarehe moja tu unayoihitaji, na nyingine hazikuhusu kabisa. Ukizisoma kabla ya kujua unatafuta nini, kila sentensi itaonekana ina uzito sawa, na akili haiwezi kubeba mambo mengi ambayo bado hayana kazi. Anza na kinachotakiwa, halafu jedwali la majibu, halafu ndipo ufungue viambatisho, na kila unapokifungua kimoja uwe na swali mkononi.

Nitakuonyesha kwa mfano niliotunga, wa aina inayopatikana sana katika FAR. Kampuni inafunga mwaka wake wa hesabu tarehe 31 Desemba 2024, na wewe unatakiwa kuandika maingizo manne ya marekebisho: ya bima, ya riba ya mkopo, ya uchakavu wa mashine, na ya mkataba na mteja mpya. Jedwali lina orodha ya akaunti za kuchagua, safu ya debiti na safu ya krediti, na kisanduku cha kuteua ikiwa hakuna ingizo linalohitajika. Viambatisho ni urari wa majaribio (orodha ya akaunti zote na salio zake), hati ya bima, taarifa ya benki ya Agosti, mkataba wa mkopo, ankara ya mashine na barua pepe ndefu ya mkurugenzi wa fedha.

Chukua bima peke yake. Kabla ya kufungua chochote, jiulize ni mambo gani yanayohitajika ili kuandika ingizo hilo: kiasi kilicholipwa, kipindi kinachokingwa, na jinsi malipo yalivyoandikwa vitabuni. Taarifa ya benki inaonyesha dola 24,000 zililipwa tarehe 15 Agosti. Hati ya bima inasema kinga inaanza tarehe 1 Septemba 2024 na kuisha tarehe 31 Agosti 2025. Urari wa majaribio unaonyesha gharama ya bima ya 24,000, na akaunti ya bima iliyolipwa kabla haina kitu. Sasa jibu linajitokeza lenyewe. Miezi minane kati ya kumi na miwili bado haijapita, kwa hiyo unadebiti bima iliyolipwa kabla 16,000 na kukrediti gharama ya bima 16,000. Aliyetumia tarehe ya malipo badala ya tarehe ya kinga atahesabu miezi saba na nusu na kuandika 15,000. Ambaye hakutazama urari atadebiti gharama 8,000 kana kwamba malipo yote yaliwekwa kwenye mali, na ingizo lake litakuwa limegeuka juu chini ijapokuwa hesabu ya miezi ni sahihi. Makosa yote mawili hayatokani na kutojua uhasibu. Yanatokana na kufungua waraka mmoja na kuacha mwingine kwa kutojua kwamba unahitajika.

Ukienda kwenye riba, unahitaji kiasi cha mkopo, kiwango, tarehe ya kuanza na tarehe ya malipo ya mwisho. Mkataba unasema 150,000 kwa asilimia 8 kwa mwaka kuanzia 1 Oktoba, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Miezi mitatu imepita bila malipo, kwa hiyo riba iliyolimbikizwa ni 3,000, na hapa waraka mmoja umetosha. Mashine ina ankara ya tarehe 10 Mei ya dola 66,000, lakini uchakavu hauanzi kwa tarehe ya ankara, kwa hiyo ndipo unapofungua barua pepe ya mkurugenzi kutafuta siku mashine ilipokuwa tayari kutumika. Unakuta ni 1 Julai, thamani ya mabaki ni 6,000, na maisha yake ni miaka mitano kwa mkupuo sawa kila mwaka. Nusu mwaka ni 6,000. Katika barua pepe hiyohiyo kuna aya inayosema mteja mpya alisaini mkataba tarehe 28 Desemba, huduma itaanza Januari na bado hajalipa. Hapo unateua kwamba hakuna ingizo, na umemaliza. Barua pepe yenyewe inaweza kuwa na aya nyingine tano kuhusu mipango ya kampuni, lakini kwako ilikuwa na kazi mbili tu, na ulipoifungua ulijua unachokitafuta.

Ukifanya hivyo, kusoma kinachotakiwa na jedwali kutachukua dakika mbili, na kila ingizo litachukua kama dakika tatu au nne. Viambatisho hufunguka katika madirisha unayoweza kuyasogeza na kuyapanga kando ya jedwali, kwa hiyo acha kukariri namba kutoka dirisha moja hadi jingine. Mwisho, kumbuka kwamba lahajedwali iliyomo ndani ya mtihani ni ya kukusaidia tu. Hesabu nzuri iliyobaki humo bila kuhamishiwa kwenye kisanduku cha jibu haisahihishwi na mtu yeyote. Tena, tangu 2024 lahajedwali hiyo si Excel bali ni nyingine inayofanana nayo, kwa hiyo izoee mapema katika majaribio ambayo AICPA huyatoa bure, yenye mwonekano uleule wa skrini ya mtihani.

Ninajiandaa kwa AUD hapa Minneapolis. Katika AUD naona maneno mengi kuliko namba, hasa ile simulesheni ya kupitia waraka ambapo maneno yamepigiwa mstari na kila mstari una machaguo sita au saba. Mpango wa dakika 20 unafaa huku?

Dakika 20 ni nyingi kwa AUD, kwa kuwa maswali ya kuchagua ni 78 na simulesheni ni 7. Hapa utalazimika kwenda kwa dakika moja na robo kwa kila swali la kuchagua na dakika 18 kwa kila simulesheni. Saa itasoma takriban 3:11 baada ya fungu la kwanza, 2:22 baada ya la pili, 1:46 baada ya la tatu na 0:52 baada ya la nne, na akiba yako yote ni dakika 16. Katika karatasi hii muda wa simulesheni unatengenezwa kule kwenye maswali ya kuchagua. Swali moja la kuchagua lililokula dakika nne limekula karibu robo ya simulesheni nzima, nawe hutalihisi mpaka saa moja baadaye.

Kuhusu simulesheni ya kupitia waraka, naiona kuwa rafiki wa mtahiniwa aliyetulia, ingawa wengi huiogopa kwa urefu wake. Kila sehemu iliyopigiwa mstari ni swali lake peke yake, na machaguo huwa ni kuacha maandishi kama yalivyo, kuyafuta, au kuyabadilisha kwa mojawapo ya maandishi yaliyopendekezwa. Pitia waraka mzima mara moja kwa haraka ili ujue ni barua ya makubaliano ya kazi, ni ripoti ya mkaguzi, au ni kumbukumbu ya ndani. Kisha chukua mstari mmoja mmoja. Tuseme rasimu ya ripoti ya mkaguzi imeandikwa tarehe 31 Desemba 2024, na tarehe hiyo imepigiwa mstari. Unajua kwamba ripoti haipewi tarehe iliyotangulia siku ambayo mkaguzi alipata ushahidi wa kutosha na unaofaa. Kwa hiyo huhitaji kusoma viambatisho vyote. Unahitaji kile kinachosema kazi ya kukusanya ushahidi ilikamilika lini. Ukikuta karatasi ya kazi inayoonyesha ilikamilika 14 Machi 2025, umepata jibu la mstari huo, na unaendelea na mwingine. Baadhi ya mistari haihitaji kiambatisho hata kimoja, kwa sababu inapima tu kama unajua maneno ya ripoti yanavyopaswa kuwa. Ianze mistari hiyo, ndiyo ya dakika moja moja.

Jihadhari na jambo moja tu: kuacha maandishi kama yalivyo ni jibu halali, na si kila mstari una kosa. Mtahiniwa anayeamini kwamba kila mstari umeharibiwa hutumia dakika nyingi kutafuta kosa lisilokuwepo, na mwishowe hubadilisha lililo sahihi.

Mwalimu, mimi nimetoka Bukavu, nimesoma kwa Kifaransa mpaka chuo kikuu, na Kiingereza nimekijifunza ukubwani nikiwa Ohio. Naelewa uhasibu vizuri, lakini nasoma polepole kuliko wenzangu. Je, kuna muda wa ziada kwa watu kama mimi?

Hakuna, ndugu yangu, na ni afadhali ulijue mapema kuliko kulitegemea. Muda wa ziada hutolewa kwa wenye ulemavu au hali ya kiafya inayotambuliwa na sheria ya Marekani, nao huombwa pamoja na vithibitisho kupitia bodi ya uhasibu ya jimbo, kabla ya kupanga siku ya mtihani. Lugha ya kuzaliwa haimo. Hili ni jambo linaloniuma, kwa sababu nimekutana na wahasibu wa kutoka Kongo na Burundi wenye uwezo mkubwa ambao alama walizozikosa zilikuwa za kasi ya macho. Lakini kasi hiyo inaweza kuongezwa, na inaongezeka haraka zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu Kiingereza cha mtihani ni kidogo kuliko Kiingereza cha maisha. Barua pepe za wakurugenzi, mikataba ya mikopo, hati za bima, kumbukumbu za vikao vya bodi na barua za wanasheria zinaandikwa kwa misemo ileile inayojirudia.

Ninachokushauri ni kuzifanyia mazoezi nyaraka zenyewe mbali na maswali. Chukua viambatisho vya simulesheni ambayo umeshaifanya, uvisome tena kwa saa, huku ukitafuta mambo manne pekee: nani, kiasi gani, kuanzia lini mpaka lini, na kwa sharti gani. Usitafsiri sentensi kichwani. Tafuta mambo hayo manne na uyaseme kwa lugha yoyote inayokujia, iwe Kifaransa au Kiswahili. Fanya hivyo kila siku kwa nyaraka mbili au tatu, na baada ya wiki chache macho yataanza kutua yenyewe kwenye tarehe na masharti bila kupita kila neno. Jihadhari hasa na maneno mafupi yanayogeuza maana ya sentensi nzima, yale ya kukanusha, ya kuondoa na ya kuweka sharti, kwa sababu msomaji wa haraka huyaruka na msomaji wa lugha ya pili huyaruka zaidi.

Kwa upande wa dakika, kubali tangu mwanzo kwamba mpango wako hautafanana na wa aliyezaliwa Ohio. Kama hesabu zako ni za haraka, punguza dakika kwenye maswali ya kuchagua yaliyo ya namba na uzihamishie kwenye simulesheni. Pima nyumbani kabla ya kuamua, usikisie.

Maswali mawili mafupi kutoka Seattle. Je, nichukue mapumziko ya katikati au niendelee tu ili nisipoteze mwendo? Na nikichagua ISC badala ya BAR, mpango wa muda unabadilika?

Chukua mapumziko. Baada ya fungu la tatu, mtihani hukupa dakika 15 ambazo saa inasimama, na ni hapo tu inaposimama. Ukitoka baina ya mafungu mengine, saa inaendelea kukimbia, kwa hiyo maji na haja nyingine zote zipangie hapo. Watu wanaosema kwamba wataendelea ili wasipoteze mwendo huwa hawajaona jinsi usomaji wao unavyopungua kasi katika fungu la nne, ambalo lina simulesheni tatu na ndilo zito kuliko yote. Toka nje ya chumba, kula kitu kidogo, usiwaze simulesheni ulizoziwasilisha kwa kuwa huwezi tena kuzigusa, na urudi ndani ya muda.

ISC inabadilisha mpango, ndiyo. Ina maswali 82 ya kuchagua na simulesheni 6, na ndiyo karatasi pekee ambayo maswali ya kuchagua yana asilimia 60 ya alama na simulesheni 40. Dakika moja na robo kwa kila swali na dakika 18 kwa kila simulesheni hukuachia akiba ya karibu nusu saa, lakini ningezirudisha baadhi ya dakika hizo kwenye maswali ya kuchagua, kwa kuwa huko ndiko alama zilikolala. BAR inafanana na FAR kwa idadi, maswali 50 na simulesheni 7, kwa hiyo anayeichagua anaweza kutumia saa zilezile nilizomwandikia msomaji wa Dallas.

Msomaji wa Dallas aliniuliza pia, katika sehemu ya barua ambayo hatukuichapisha kwa urefu wake, afanye mazoezi ya namna gani kabla ya kurudia. Kwanza, asifanye tena simulesheni moja moja bila saa. Afanye tatu kwa mpigo ndani ya dakika 60, kama fungu la nne lilivyo, na dakika ya 60 ikifika awasilishe hata kama kuna kisanduku kitupu. Kisha, kabla ya kutazama majibu sahihi, aandike kwa kila simulesheni alitumia dakika ngapi kusoma, ngapi kukokotoa, na ngapi kukaa tu akitazama skrini bila kuandika. Safu hiyo ya tatu huwa ndefu kuliko wengi wanavyotarajia, na hupungua kila anapozoea kujaza jibu lake bora na kuondoka. Katika FAR, ambayo mwaka 2024 walioifaulu walikuwa takriban watahiniwa 40 tu katika kila 100, mtu aliyefika 68 huku akiwa ameacha simulesheni nzima bila kuigusa hahitaji kuanza vitabu upya. Apange siku ya kurudia mapema, maarifa yakiwa bado mabichi, na wiki zilizobaki azitumie zaidi kwa mafungu ya dakika 60 kuliko kwa kusoma sura mpya.